Picha ya mke wangu na tisheti ya kikundi imenivua nguo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, fundi seremala, niko Makambako. Nina mke na watoto wawili. Mimi na mke wangu wote tunaishi na VVU. Yeye alijijua mwaka 2013 alipokwenda kliniki na ujauzito wa mtoto wetu wa kwanza. Mimi nilikuja kupima baadaye, baada ya kuzunguka sana, hadi kwa mganga, sitaki kusema mengi. Watoto wote wamepimwa na wako salama.

Mke wangu anachukua dawa hapahapa mjini, na yuko kwenye kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, tena ni mhazini. Wanakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Wana hisa, wana kuku, na wakati mwingine wanapita majumbani kuwatafuta walioacha dawa. Mimi ni mtu wa watu, nina wateja, niko kwenye kamati ya shule, sikutaka jina langu litajwe kwenye benchi la kliniki ambako kila anayekaa ananijua. Tangu siku ya kwanza dawa zangu nachukulia Mbeya. Naondoka alfajiri, vijana wa karakana nawaaga kwamba nafuata vitasa na bawaba. Nauli na chakula haipungui elfu thelathini. Dawa nazihifadhi karakana, chini ya misumari kwenye ndoo ya rangi, na ndani ya kopo nimetia pamba ili zisilie nikilishika. Mwanangu mkubwa aliwahi kuliona, nikamwambia ni dawa za mgongo.

Mambo ya kikundi sikuyaingilia miaka yote hiyo. Sasa Desemba iliyopita, Siku ya UKIMWI Duniani, walikwenda uwanjani na tisheti zenye maandishi mgongoni yanayoeleza wao ni nani. Mke wangu akapigwa picha, yuko mstari wa mbele, amegeuka nusu, anacheka. Mtu wa kikundi akaiweka mtandaoni, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka kundi la wazazi wa darasa la mwanangu. Watoto wenzake wakamwambia mama yake kakanyaga miwaya. Akaja kuniuliza, "Baba, mama anaumwa?" Nikamwambia aache upuuzi akasome.

Tangu hapo naona watu wananitazama tofauti. Kuna mteja aliagiza milango minne, mwezi wa kwanza akaniambia tusubiri kwanza. Wakishamjua mke wameshamjua na mume. Nikamwambia mke wangu achague, kikundi au nyumba. Akanijibu kwamba mashine ya kuranda ninayoitumia ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi, kwa hiyo akiondoka ataondoka nayo. Ni kweli alikopa yeye, lakini marejesho tulilipa wote. Sasa analala chumba cha watoto. Kaka yangu ambaye hali yangu haijui, ya mke ameijua kwa picha hiyo, anasema nimrudishe kwao Ludewa kabla hajaniua. Sikumjibu kitu.

Mwezi wa pili kazi zilikuwa mbaya, nauli ikakosekana, nikakaa siku 11 bila dawa. Hilo mke wangu halijui.

Shangazi, nimtoeje mke wangu kwenye kikundi bila kuvunja nyumba?

Fundi, Makambako

*

Marahaba, baba. Pole na mtoto, pole na milango minne.

Barua yako niliisoma nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na nilikiweka chini nilipofika kwenye siku 11. Umeziandika karibu na mwisho, mistari miwili tu, kama mtu anayetaja mvua. Basi mimi naanza na hizo.

Dawa unazomeza haziui virusi. Zinavizuia visizaliane, na kazi hiyo zinaifanya kwa kuwa ndani ya damu kila siku. Zikikosekana virusi vinaamka, na vikiamka huku dawa inaisha kidogokidogo mwilini, ndipo vinapopata nafasi ya kuizoea. Hiyo ndiyo inaitwa usugu. Pengine kwako haijatokea, dawa za siku hizi zina nguvu na watu wengi wanarudi salama. Lakini huwezi kujua kwa kujitazama kwenye kioo. Nenda kliniki wiki hii, wala usingoje tarehe ya kwenye kadi, uwaambie siku ngapi ulikosa, kwa hesabu ya kweli, na uulize kipimo chako cha wingi wa virusi kinafanyika lini. Watu wengi wanarudi baada ya kukosa dawa halafu wanajibu "sijawahi kuruka hata siku moja," daktari anapanga mambo kwa uongo huo. Usiwe wa namna hiyo. Atakayekugombeza atakugombeza dakika tano.

Na umwambie mkeo. Nyumba moja ina watu wawili kwenye dawa ileile, mmoja anakosa siku 11 na mwingine hana habari, wakati kopo la mwenzako liko chumbani! Sisemi mgawane dozi, hilo msifanye. Nasema angekukopesha nauli.

Sasa picha. Kwenye picha uko sahihi, na nataka ulisikie hili kutoka kwangu kabla sijakugeukia. Mkeo kukubali kuvaa tisheti uwanjani ni uamuzi wake, umri wake unamruhusu. Lakini kusimama uwanjani siku moja na kuzunguka kwenye simu za watu miaka yote havifanani. Aliyeiweka mtandaoni alitakiwa aulize kila uso uliomo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu na inakataza kumnyanyapaa, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sikutumi mahakamani. Nakutajia ili usiende kwa uongozi wa kikundi kama mtu anayeomba fadhila.

Picha ishushwe kule ilikowekwa mara ya kwanza. Ilikosambaa hamtaweza kuifuata yote, hilo tusidanganyane. Kisha katiba ya kikundi iongezwe kifungu: hakuna picha inayotoka bila kila aliyemo kuiona na kukubali, na akubali kwa picha hiyo, si kwa picha zote za maisha yake. Vikundi vingi havina kifungu hiki kwa sababu vimezoea wafadhili wanaotaka picha za "walengwa" kwenye ripoti, na ukishamzoea mfadhili unaona kila mtu ana haki ya sura yako. Nimekaa kwenye mikutano ambapo mama anapewa soda na nauli, anaambiwa asimame atoe ushuhuda, kamera iko usoni. Hakuna aliyemuuliza kama wanawe wanajua. Mkeo ni mhazini, ana kiti kwenye uongozi. Mpe hoja hiyo ailete mezani badala ya kumpa la kuchagua kikundi au nyumba.

Maana kwenye hilo la kuchagua, baba, umekosea.

Mimi kwetu ni Bukoba. Wagonjwa wa kwanza wa nchi hii waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kabla jina la kitaalamu halijatufikia tuliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Tulikuwa na siri nzuri sana wakati ule. Shemeji yangu alifungiwa chumba cha nyuma, sahani yake ikawekwa peke yake, wageni wakaambiwa amesafiri. Amesafiri, na kikohozi kinasikika mpaka barazani. Mkewe hakuwa na mtu wa kumuuliza hata namna ya kumgeuza kitandani asipate vidonda. Alipofariki tulisema ni malaria, naye mkewe alipofuata tukasema ni malaria, na watoto wakagawanywa.

Kilichobadilisha mambo hakikuanzia hospitali, dawa hazikuwepo. Uganda mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mume wake amekufa mwezi wa kwanza mwaka huohuo, akakusanya wenzake wachache wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Kwetu mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake wakaanzisha shirika kama hilo, WAMATA, pale Dar es Salaam. Hawakuwa na kidonge cha kumpa mtu. Walikuwa na kukaa naye, kumsikiliza, kumfulia, kuwasemea watoto wake shuleni. Dawa za bure zilikuja kutufikia tangu mwaka 2004, na zilipofika zilikuta watu wanaojua kila nyumba yenye mgonjwa na njia ya kuingilia uani. Leo vikundi vya WAVIU kwenye halmashauri vinaunganishwa kwenye konga, na konga ziko chini ya NACOPHA, baraza la taifa la watu wanaoishi na VVU. Mkeo na kuku wake ni tawi la mti huo.

Utaniambia hayo ni ya zamani, sasa kuna CTC, kliniki za dawa za VVU, kila mahali. Sawa. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo wakaambiwa wakae nyumbani. Ni haohao waliokuwa wakipiga simu kwa aliyekosa tarehe, wanaopanda bodaboda kumfuata kijijini. Wengine walirudi kazini baadaye, wengine hawakurudi. Vikundi kama cha mkeo havina mshahara wa kusimamishwa. Umeandika mwenyewe kwamba wanapita majumbani kuwatafuta walioacha dawa. Kwa lugha ya kliniki hao wanaitwa watoro, na wewe mwezi wa pili ulikuwa mtoro kwa siku 11. Kama ungekuwa umeandikishwa mjini kwenu, huenda ni mkeo angepewa jina lako akutafute!

Nacheka, lakini nataka ulione. Siri yako unailipia. Elfu thelathini kila safari, siku nzima ya karakana, uongo wa bawaba, pamba kwenye kopo. Na mwezi nauli ilipokosekana, ulilipa kwa mwili. Mkeo aliyejiweka wazi hana historia hiyo. Anakwenda kwa miguu, anarudi saa nne kupika. Halafu mkopo wa watu haohao ukakununulia mashine. Hapo mkeo alikujibu kwa hasira na mimi simsifu kwa kutishia kuondoka nayo, mashine ni ya nyumba. Ila angalia ulivyoandika: "sikuyaingilia miaka yote hiyo." Uliyaingilia, baba. Uliranda mbao nayo.

Kuhusu watu kukutazama. Mkoa wenu wa Njombe, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022/23, ndio ulioongoza nchi nzima kwa VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Hesabu mafundi, vijana wa bodaboda na wenye maduka ya mtaa wenu, kila wanane mmoja. Kwenye lile kundi la wazazi lililorusha picha, kuna waliotazama wakashukuru si wao, na kopo lao liko kabatini. Na mteja wa milango minne aliahirisha mwezi wa kwanza, mwezi wa ada na sare. Mimi nisingemhukumu bado. Mpigie.

Hii haina maana kwamba lazima na wewe uvae tisheti. Hadithi ya mkeo ni yake, ya kwako ni yako, mnaweza kuishi nyumba moja yeye akiwa wazi na wewe ukiwa kimya. Mkikaa kuzungumza, hilo ndilo la kumwomba: mtu akimuuliza "na mumeo je?" awe na jibu mlilokubaliana. "Muulize mwenyewe" linatosha. Kumfunga mdomo wake mwenyewe huwezi kuomba.

Na Mbeya, ukitaka kuendelea, endelea, lakini kwa akili. Mtu aliyetulia kwenye dawa siku hizi hupewa za miezi 3, na kwingine hata 6, kwa hiyo kwanza waulize kwa nini wewe uko kwenye ratiba uliyonayo. Baada ya hizo siku 11 wanaweza kukurudisha kwenye tarehe za karibu kwa muda, vumilia. Ukichoka na barabara, omba barua ya uhamisho uje kituo cha jirani, si lazima kiwe kile cha mtaani kwako. Uliza pia kama wanaruhusu mwenza kuchukua kwa niaba ya mwenzake, vituo vingine vinaruhusu wanandoa walio kwenye tiba kupokezana. Uhame rasmi lakini. Kuna wanaokwenda kituo kipya na kuanza upya kama hawajawahi kumeza hata kidonge, wanabaki na majalada mawili na historia imekatika.

Wanaume kwenye vikundi ni wachache, hilo nalijua, na sikulaumu. Kukaa kwenye mkeka uelezee moyo wako mbele ya kina mama kumi na wawili si jambo lililokuwa kwenye malezi yenu. Kikundi kimoja nilichowahi kukitembelea kilikuwa na wanaume wawili kwa muda mrefu, mpaka walipoanza kufyatua tofali. Ghafla wakawa tisa. Hakuna aliyeongea habari ya virusi, walibishana mpira na uwiano wa simenti, lakini kila mmoja alijua tarehe ya mwenzake. Kikundi cha mkeo kina kuku, na kuku wanahitaji banda. Sijasema kitu.

Kaka yako amesema umrudishe mkeo kabla hajakuua, na wewe ulinyamaza. Mkeo alipima wa kwanza, akameza dawa, akakuzalia watoto wawili wasio na maambukizi. Mama asiyetumia dawa, hatari ya kumwambukiza mtoto ni asilimia 15 hadi 45, anayetumia vizuri inashuka chini ya 5. Hukuniambia nani alimwambukiza mwenzake na sikuulizi, pengine hata nyinyi hamjui. Lakini ulimwacha abebe lawama peke yake mbele ya ndugu zako wakati dawa zako ziko chini ya misumari. Si lazima umweleze kaka yako hali yako. Mwambie tu kwamba habari ya kumrudisha mkeo isirudiwe kwenye nyumba yako, na umwambie mkeo ulivyomjibu. Nadhani hicho ndicho kilichomhamishia chumba cha watoto kuliko hata ile tisheti.

Kijana wako ana miaka 12. Alikuja kwako, hakwenda kwa mama yake, na aliuliza kwa heshima. Rudini kwake nyote wawili, siku ambayo hakuna haraka ya shule, mama yake aanze kwa kuwa swali lilimhusu yeye. Mwambieni kwamba mama ana virusi kwenye damu, anameza dawa kila siku, dawa zinafanya kazi, hafi kesho, na kula naye au kumkumbatia hakumwambukizi mtu. Mwambieni yeye alipimwa na hana. Watoto wengi wakisikia habari hii wanauliza kwanza kuhusu wao wenyewe halafu wanaona aibu kwamba wameuliza, kwa hiyo mtangulieni. Kisha mwalimu wa darasa aambiwe kwamba kuna matusi yanaendelea, bila kulazimika kumweleza kilichomo kwenye kadi za kliniki.

Na atakapokugeukia wewe akuulize habari ya zile dawa za mgongo, maana atauliza, wewe na mama yake muwe mmeshakubaliana utamjibu nini.